Imbwa hauzwi sokoni, lakini chanjo yake ni kazi ya koperative



Tunajua kuna watakaocheka wakiona kichwa cha maandiko haya. Gazeti la kilimo, lenye kusema kila mara juu ya mihogo, maharagi na mbuzi, linaingiaje mu mambo ya imbwa na paka? Hao ni wanyama wa mtu na nyumba yake. Mwenye imbwa ajipange na imbwa wake.

Hilo njo wazo tunataka kupinga leo. Sisi tunaona kwamba kuchanja imbwa na paka dhidi ya kichaa cha imbwa, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita laraji, ni kazi ya koperative nzima. Iingie mu ajenda ya mkutano mkuu, iwe na siku yake na makuta yake, sawa vile tunavyopangia mbegu na magunia. Na tunamwambia hivyo hata mwanachama ambaye hana imbwa hata mmoja, tena yeye njo wa kwanza tunayetaka atusome mpaka mwisho.

Tuanze na kile kinachojulikana. Mwanachama akisikia kuku wanakufa mu kijiji cha jirani, anakimbilia chanjo ya Newcastle. Mbuzi wakianza kukohoa na kuhara, anauliza veterineri atapita lini. Sababu gani? Juu kuku anauzwa, na mbuzi mmoja njo karo ya mtoto ku masomo. Imbwa hauzwi. Analinda shamba usiku, anafukuza nyani na nguruwe wa pori, anaamsha mwenye nyumba mwizi akigusa mlango, lakini hana bei, na kitu kisicho na bei hakiingii mu kitabu cha mtunza kese.

Paka naye ni shida zaidi, kwa sababu mara mingi hana hata mwenyewe. Angalieni depo zetu. Karibu kila depo ya mahindi ina paka wawili ao watatu. Hakuna aliyewanunua: walikuja juu ya panya, na juu ya panya wakabaki. Wanafanya kazi ya koperative kila usiku bila mshahara, na bila wao hesabu ya magunia ingekuwa ingine. Sasa siku moja paka huyo ameumwa na imbwa mgonjwa, na kisha akamuuma mama anayepima mahindi. Mkiulizana paka ni wa nani, komite itasema ni wa mlinzi, mlinzi atasema alimkuta pale. Sisi tunasema paka wa depo ni wa koperative, na kwenye kadi yake ya chanjo, pale panapoandikwa jina la mwenyewe, liandikwe jina la koperative. Tukikubali hilo kwa paka, hatuko mbali ya kukubali lile la imbwa.

Ugonjwa wenyewe mnaujua kwa jina, lakini namna unavyotembea si wengi wanaijua, na hapo njo watu wanapotea. Virusi vinakaa mu mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, ao akikwaruza, ao akilamba kidonda kilicho wazi, virusi vinaingia, halafu vinapanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ku ubongo. Safari hiyo mara mingi inachukua miezi miwili ao mitatu. Inaweza kuwa juma moja, inaweza kufika mwaka. Wakati wote huo mtu anakula, analima, anacheza mpira, hana kitu. Siku alama zinaanza (anaogopa maji, hawezi kumeza, upepo tu unamstua, anachanganyikiwa) hakuna tena dawa. Si kwamba dawa iko mu mji mkubwa na sisi hatuna namna ya kufika. Hakuna, kwa tajiri wala kwa maskini.

Na kwa sababu safari ni ndefu, mtu anasahau kama aliumwa. Kidonda kilikuwa kidogo, kilipona zamani, mtoto pengine hakumwambia hata mama yake juu aliogopa kupigwa. Kwa hiyo akianza kulia na kutoa mate, familia haitafuti imbwa wa miezi mitatu iliyopita. Inatafuta mtu. Wanasema ni karuho, kwamba kuna jirani aliyempa kitu mu pombe ao mu chakula. Ao wanasema amerogwa juu ya shamba ya baba yake. Tunaoishi huku Kivu tunajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi: bibi mzee anafukuzwa, nyumba inachomwa, watu waliokuwa wanapanda pamoja hawasalimiane tena. Ugonjwa huu unaua mtu mmoja, na kisha unaharibu kikundi kizima. Hiyo nayo ni hasara ya koperative, hata kama hakuna mtu anayeihesabu.

Kuna kitu kingine ambacho tunaomba kila mfugaji akishike. Watu wengi wanangojea imbwa mkali, mwenye povu, anayekimbia mu barabara akiuma kila kitu. Huyo yuko, ni kweli. Lakini kuna mwingine ambaye ugonjwa unamfanya mtulivu. Anajificha, taya imelegea, mate yanatoka, hawezi kumeza. Mwenye nyumba anafikiri amekabwa na mfupa, anamhurumia, anaingiza mkono mu kinywa kuutafuta. Mfupa hakuna, na mkono umeisha kugusa mate. Vilevile kwa ng'ombe: aliyeumwa na imbwa mgonjwa anaweza kuanza kulia kwa sauti isiyo yake, kutoa mate, kushindwa kumeza, na mfugaji anafikiri ni kipande cha muhogo kimekwama. Anaingiza mkono mpaka ku kiwiko. Ng'ombe mwenye alama hizo, ao mbuzi, haponi. Nyama yake si ya kugawanya na maziwa yake si ya kunywa, hata kama roho inauma kuona mali imekwenda. Mwite veterineri kwanza, mkono ubaki nje.

Mu dunia nzima, Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria watu karibu 59.000 wanakufa na ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Kwa watu mia wanaoupata, 99 wameupata kwa imbwa. Na kwa watu mia wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, karibu 40 ni watoto chini ya miaka 15, juu mtoto ni mfupi, imbwa anamfikia ku uso na ku kichwa, na kutoka kichwani mpaka ku ubongo njia ni fupi. Kwetu Congo tusifikiri ni mambo ya mbali. Mu hopitali moja ya watoto ya Kinshasa, baganga waliandika habari ya watoto 21 waliopokelewa na ugonjwa huu. Hawakupona. Hao ni wale waliofika hopitali ya mji mkuu. Mtoto wa kijiji aliye siku mbili za mguu kutoka ku kituo cha afya haandikwi popote.

Mtu akiumwa, fanyeni hivi kabla ya kubishana na mwenye imbwa: osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayomwagika, dakika 15 nzima. Dakika 15 ni ndefu kuliko vile mtu anafikiri. Muimbe, muhesabu, lakini zifike. Sabuni ya kufulia inatosha. Kisha mtu aende mara moja ku kituo cha afya, asingoje kesho, asingoje kuona kama imbwa atakufa. Jiwe nyeusi lisifunikwe pale. Tunajua watu wengi wanalitegemea kwa nyoka, lakini virusi vya laraji halivivuti, na siku linazokaa ku mguu ni siku zilizopotea. Na imbwa aliyeuma, kama anaweza kufungwa bila mtu mwingine kuumwa, afungwe na kuangaliwa siku 10, wala asipigwe papo hapo. Akipita siku 10 akiwa mzima, njo kusema siku alipouma hakuwa na virusi mu mate, na muganga ataweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akiuawa na kutupwa mtoni, hakuna atakayejua kitu.

Sasa tuje ku makuta, maana tunajua njo pale mkutano unapochemka.

Wengi wenu muko mu MUSO. Munajua kese ya kijani ni ya mkopo, na kese nyekundu ni ya matatizo: ugonjwa, kilio, moto. Mwanachama akiumwa na imbwa, ao mtoto wake, kese nyekundu njo itafunguliwa. Na itafunguliwa sana. Sindano za mtu aliyeumwa si moja, ni kadhaa, kwa siku zilizopangwa, na mara mingi hazipatikani ku kituo cha karibu. Kuna safari, kuna kulala, kuna siku za shamba zinazopotea. OMS inakadiria kwamba yote pamoja, dawa, safari na kazi iliyopotea, inafika wastani wa dola 108 kwa mtu mmoja. Fanyeni hesabu hiyo kwa mbuzi. Imbwa aliyeingia na kichaa mu soko haumi mtu mmoja. Anaweza kuuma watano ao kumi asubuhi moja, na hapo hakuna kese nyekundu ya kijiji itakayobaki na kitu. Chanjo ya imbwa ni dola kidogo tu, na ni sindano moja, mwaka mzima ao zaidi. Ni ajabu kwetu kwamba kese iko tayari kununua sanduku la maiti na haiko tayari kununua kichupa cha chanjo.

“Mie sina imbwa. Juu ya nini feza yangu iende ku imbwa ya mwenzangu?”

Hilo neno tumelisikia, na ni neno la haki, lazima lijibiwe bila hasira. Jibu letu ni hili. Imbwa wako njo angekuwa wa kwanza kukuuma wewe kama ugonjwa ungekaa nyumbani, lakini haukai. Imbwa anatembea. Asiye na imbwa ana watoto wanaopita mbele ya nyumba kumi zenye imbwa wakienda ku masomo, ana mbuzi waliofungwa ku kichaka, na yeye mwenyewe anapita na giza kwenda soko. Usalama wake uko mu mikono ya wenye imbwa, na yeye hana namna ya kuwachanja kwa nguvu. Namna yake ni mchango.

Tena chanjo ya mtu mmoja mmoja haisaidii kijiji. Wanaochunguza ugonjwa huu, na OMS pamoja nao, wamekubaliana kwamba inatakiwa kuchanja imbwa 70 kwa kila 100 ili ugonjwa ushindwe kupita kutoka kwa imbwa mmoja mpaka kwa mwingine. Tuseme kijiji chenu kina imbwa 60. Mkichanja 10, wa mwalimu, wa shefu, wa mfanya biashara, mmetumia makuta na ugonjwa utapita katikati ya wale 50 kama moto mu majani makavu. Mkichanja 42, hata wale 18 waliobaki wanalindwa na wenzao. Hicho kitu hakinunuliwi na nyumba moja. Ni sawa na kufunga mfereji wa maji: nusu ya mfereji haipunguzi mafuriko kwa nusu.

Je, mwenye imbwa asilipe zaidi ya wengine? Hata kati yetu tunaoandika gazeti hili tumebishana juu ya hilo. Kuna aliyesema mwenyewe alipe nusu, ili aheshimu kitu alichopewa. Lakini yaliyotokea mu mji wa N'Djamena, kule Chadi, yanatufundisha. Wenye imbwa walipoombwa kulipa, ni kama robo tu ya imbwa wenye wenyewe walichanjwa. Ilipofanyika bure, mu 2012 na 2013, walipita asilimia 70 mu mji mzima. Mtu maskini hakatai chanjo kwa ubaya. Anaangalia mfuko wake, anaangalia imbwa, na imbwa anabaki nyumbani. Ukilipisha ku mlango, unachanja imbwa wa wenye nacho. Kwa hiyo sisi tunasimama hapa: koperative ilipe, ku makuta ya wote, na siku ya chanjo kusiwe na mtu anayeombwa hata franka mia.

“Basi tuwapige wote, iishe.” Na hilo linasemwa, hasa siku moja ao mbili kisha mtoto kuumwa, na tunaelewa uchungu wake. Lakini imejaribiwa. Mu kisiwa cha Flores, inchi ya Indonesia, ugonjwa uliingia mu 1997 na imbwa walioletwa na mashua. Watawala wakaamuru kuua. Imbwa karibu nusu ya kisiwa wakauawa, na ugonjwa ukabaki. Namna gani? Watu wanaopenda imbwa wao wanawaficha, wanawapeleka kwa shemeji mu kijiji kingine, na pengine wanapeleka ugonjwa pamoja nao. Na nyumba iliyobaki bila mlinzi inatafuta mtoto wa imbwa mwingine, asiye na chanjo. Mkiua imbwa aliyechanjwa, mmeua ukuta wenu wenyewe. Huku kwetu ongezeni na hii: shamba bila imbwa, wakati mahindi yanakomaa, nyani wanaijua kabla ya mwizi.

Kuna sababu ingine inayotufanya tuseme koperative, tusiseme mradi. Mashirika, na letu pia, yanakuja na mradi wa miaka miwili ao mitatu. Siku ya kwanza ya chanjo inakuwa nzuri, kuna kofia na tisheti, kuna picha. Kisha mradi unafungwa. Imbwa wa kijiji hawaishi muda mrefu, na wanazaa sana. Mwaka mmoja tu ukipita bila chanjo, sehemu kubwa ya imbwa wanaotembea mu kijiji ni wale waliozaliwa nyuma ya siku ile. Ule asilimia 70 umeyeyuka bila mtu kufanya kosa lolote. Ng'ambo ya Tanganyika, mu inchi ya Tanzania, kisiwa cha Pemba kilifaulu kumaliza ugonjwa mu 2014 kwa kuchanja imbwa. Mu 2016 ukaingia tena kutoka inje, na ikawa lazima kuchanja upya mpaka ukaisha tena mu 2018. Kisiwa, chenye bahari pande zote! Sisi tuko mu inchi yenye mipaka ya vichaka, na vita inayohamisha watu usiku. Kijiji kikikimbia, imbwa wanabaki, wanajitafutia chakula, wanachanganyika na wanyama wa pori. Na watu wakirudi, ao wengine wakija kukaa pale, wanakuta imbwa ambao hakuna anayejua walipopita. Mahali kama hapo hapangojei mradi urudi. Koperative haifungwi mwezi wa kumi na mbili.

Mtatuuliza juu ya baridi. Ni kweli, chanjo inatakiwa kukaa mu frigo, kati ya digri 2 na 8, na vijiji vyetu vingi havina moto wa umeme. Lakini uzuri ni kwamba chanjo ya imbwa si dhaifu kama zingine. Kule Tanzania, watafiti walichukua aina moja ya chanjo hiyo, wakaiweka miezi 6 ku digri 25 na miezi 3 ku digri 30, na imbwa waliochanjwa nayo walikingwa sawa na wale wa chanjo ya frigo. Hatusemi muiweke mu jua ao mu paa ya mabati. Aina zote si moja, veterineri wenu njo atasema ile aliyo nayo inavumilia nini. Na msijaribu hivyo na chanjo ya mtu ao ya kuku. Tunasema tu kwamba safari ya siku moja ao mbili ya pikipiki, mu kisanduku chenye barafu, si sababu ya kusema haiwezekani.

Kinachoshinda kazi hii mara mingi si baridi wala sindano, ni kuleta wanyama. Hapa tunawapa yale tuliyoona yanasaidia. Imbwa wa kijiji hamfuati mwenye nyumba, anamfuata mtoto. Kwa hiyo siku ya chanjo isiwe siku ya masomo. Siku ya mosi asubuhi ni nzuri, mapema, kabla bamama hawajaenda shamba. Isiwe siku ya soko, juu imbwa wengi wageni mahali pamoja wanapigana, na mtoto aliyeshika kamba katikati njo anaumwa. Weka mahali pawili ao patatu mu kijiji kikubwa. Mtu hatavuta imbwa mwendo wa saa moja. Paka aletwe mu gunia ao mu kikapu chenye kifuniko. Paka mu mikono ni damu tu, na sindano inaweza kupita juu ya kitambaa cha gunia bila kumtoa. Watoto wa imbwa wachanjwe pia, wasirudishwe kwamba ni wadogo. Wao njo wanashikwa na kila mtoto, wanabebwa, wanalamba mikono. Aliyechanjwa awekewe alama ya rangi ao kamba ku shingo, na jioni watu wawili wazunguke wakihesabu wenye alama na wasio nayo. Bila hesabu hiyo hamtajua kama mmefika 70 ao 30, na mtu atakuja ku mkutano kusema “tulichanja wote” bila kujua.

Wawindaji msiwasahau. Imbwa wao njo wanaingia pori na kukutana na wanyama ambao hakuna atakayewachanja, na siku ya mkutano wenyewe hawapo. Inafaa mtu aende kuwaambia juma moja mbele, mtu wanayemsikiliza. Na wale mnaoita imbwa wa barabara, wasio na mwenyewe: angalieni vizuri. Wengi wana nyumba wanayokula, na mu nyumba hiyo kuna mama ao mtoto anayeweza kuwashika. Wasio na mtu kabisa ni kidogo kuliko vile tunasema.

Imbwa wana magonjwa mengine yenye chanjo, na watu wa mji wanalipia chanjo zile zote. Kwa kese ya kijiji, tunaona laraji ije kwanza, juu njo inayoua watu. Zingine zitafuata kama makuta yatabaki.

Kila mwaka tarehe 28 mwezi wa tisa dunia inaweka siku ya kupigana na ugonjwa huu, kwa ukumbusho wa siku aliyokufa Louis Pasteur, Mfaransa ambaye mu 1885 alitibu mtoto aliyeumwa na imbwa kwa chanjo ya kwanza. Msingoje tarehe hiyo kama kazi ya mashamba inaikataa. Chagueni mwezi ambao bamama wana nafasi na barabara inapitika, na muushike huo huo kila mwaka. Kuhusu mchango, tumeona koperative zingine zinakata kitu kidogo ku kila gunia linaloingia depo juu ya ulinzi na matengenezo ya paa. Njia hiyo inaweza kubeba chanjo vilevile, na mwenye magunia mengi analipa zaidi ya mwenye gunia moja, hilo halitusumbui.

Kabla ya mkutano mkuu, komite ifanye mambo mawili: ihesabu imbwa na paka nyumba kwa nyumba, na iulize veterineri wa teritware bei ya dozi moja pamoja na safari yake, akipewa wanyama mia ao zaidi kwa siku moja. Bei ya wengi haiwi bei ya mmoja, na koperative mbili za jirani zikimwita pamoja inashuka tena. Mtutumie bei mliyopewa, kwa barua ao kwa mkono wa animateri wenu. Tutaiandika mu namba inayofuata, kila teritware na bei yake, ili anayelipishwa sana ajue.